Fahamu Dalili za Hitilafu ya Klachi Kabla ya Kushusha Giaboksi

Na Mwandishi Wetu, Mzumbe

Barabara Kuu ya TANZAM hupita Mzumbe, takribani kilomita 20 kutoka Morogoro mjini, ikielekea Mikumi, Iringa hadi mpaka wa Tunduma. Jirani na hapo, katika eneo la Sangasanga, huchepuka barabara inayopanda Milima ya Uluguru hadi Mgeta, ambako magari hushuka na kabichi, karoti, viazi na mboga nyingine kupeleka sokoni. Katika miinuko na kona za namna hiyo dereva hulazimika kubadilisha gia mara kwa mara, na klachi yenye hitilafu huweza kumwacha katikati ya mlima akiwa hawezi kuingiza gia yoyote.

Hata hivyo, si kila klachi inayogoma huhitaji giaboksi kushushwa. Kazi hiyo ina gharama kubwa, ilhali chanzo cha tatizo huweza kuwa raba ndogo iliyochakaa au hewa iliyoingia katika mafuta. Makala hii inaeleza namna mmiliki wa gari anavyoweza kutambua upande wenye hitilafu kabla ya kukubali matengenezo.

Namna mfumo unavyofanya kazi

Katika magari mengi ya gia za mkono, pedali husukuma masta ya klachi iliyopo juu, karibu na injini. Masta hiyo husukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi silinda ya chini iliyofungwa kwenye giaboksi. Silinda ya chini husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi hukandamiza presha pleti ili pleti ya klachi iachane na mzunguko wa injini. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Kwa sababu hiyo, hewa kidogo tu hutosha kuifanya pedali iwe laini na gia zigome kuingia.

Makundi mawili ya dalili

Kundi la kwanza ni klachi isiyoachia: gia hukwaruza zinapoingizwa, hasa gia ya nyuma, au gari husogea lenyewe ingawa pedali imekanyagwa hadi chini. Hapa uchunguzi uanzie kwenye mfumo wa mafuta.

Kundi la pili ni klachi inayoteleza: injini hunguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani, na pengine husikika harufu ya kuungua. Dalili hii huashiria pleti iliyochakaa au iliyolowa mafuta. Kabla ya kununua pleti mpya, hakikisha pedali ina nafasi ndogo ya kucheza kama mtengenezaji alivyoelekeza, kwani pedali iliyokazwa kupita kiasi huweza kuifanya hata pleti nzima iteleze.

Hatua za uchunguzi

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono na weka vizuizi kwenye magurudumu.

1. Kagua kikopo cha mafuta. Kiwango kikishuka, kuna mahali panapovuja. Katika baadhi ya magari klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Hivyo kupungua kwa mafuta kunataka breki nazo zikaguliwe siku hiyo hiyo.

2. Pekua nyuma ya pedali, ndani ya gari. Unyevu wa mafuta hapo huonesha kuwa masta ya juu inavuja.

3. Kagua silinda ya chini. Mafuta kwenye kifuniko chake cha mpira humaanisha raba zake zimekwisha. Baadhi ya magari yana silinda hiyo ndani ya giaboksi. Kwa hayo, kushusha giaboksi hakuepukiki.

4. Kanyaga pedali mara kadhaa mfululizo. Ikipanda na kuwa ngumu, mfumo una hewa au raba za masta zimechoka. Ikishikiliwa chini kisha ikazama polepole bila mafuta kupungua kikoponi, raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta.

5. Mtu mmoja akanyage pedali huku mwingine akitazama fimbo ya silinda ya chini. Fimbo ikisogea kidogo tu, tatizo lipo kwenye mafuta. Ikisogea kikamilifu na gia bado zinakwaruza, tatizo huenda lipo ndani: beringi, uma, presha pleti au pleti yenyewe.

Mlio unaoanza pedali inapokanyagwa mara nyingi hutoka kwenye beringi ya klachi.

Mafuta na kutoa hewa

Tumia mafuta ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, kama vile DOT 3 au DOT 4. Kamwe usiweke mafuta ya injini, kwa kuwa huvimbisha na kuharibu raba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na huozesha silinda kwa kutu. Yakiwa meusi, yabadilishwe. Wakati wa kutoa hewa, nati ya kutolea hewa ifungwe kabla pedali haijaachiwa, na kikopo kisiachwe kikauke.

Usalama barabarani

Klachi ikifa njiani, usijaribu kuwasha injini gia ikiwa imeingia mbele ya watu au magari, kwani gari litaruka. Toka barabarani, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Usishuke mlima gari likiwa nyutro. Aidha, madereva wanakumbushwa kutopumzisha mguu juu ya pedali na kutoshikilia gari mlimani kwa nusu klachi. Tumia breki ya mkono.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari lenye ubovu. Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA). Kwa magari binafsi, mwananchi anashauriwa kumtumia fundi mwenye mafunzo, kumweleza dalili alizoziona, na kuomba aoneshwe kifaa kilichoharibika kabla ya kulipia kipya.