Mpaka wa Uhai Uliowekwa Mita Saba na Nusu

Kwa karibu miaka 40 wanasayansi wengi waliamini kwamba uhai unakoma mita saba na nusu tu chini ya sakafu ya bahari. Kipimo hicho kilitoka kwa Claude ZoBell na mwanafunzi wake Richard Morita, wa Taasisi ya Scripps huko California. Walitoa tope kwenye vilindi vya Pasifiki, wakalitia katika vyakula vya maabara, wakangoja bakteria waote. Tope la juu liliwaotesha. La chini ya hapo halikuotesha kitu. Mwaka 1955 wakaandika kwamba uhai unaishia hapo.

Sioni sababu ya kuwalaumu, maana walitumia kipimo kilichokuwepo. Lakini kipimo hicho kiliwaonyesha bakteria wanaokubali chakula cha maabara tu, na walio wengi hawakikubali, hata wale wa udongo wa shambani.

Mambo yalibadilika pale hesabu ilipohamia kwenye hadubini. John Parkes wa Bristol, Uingereza, na wenzake walilitia tope rangi inayozing'arisha seli, wakazihesabu moja moja. Mwaka 1994 walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamekuta bakteria hadi mita 518 chini ya sakafu ya Pasifiki.

Je, hawakuwa bakteria wa majini walioingia wakati wa kuchimba? Shaka hiyo ilikuwa ya haki. Shimo la keekee husukumiwa maji ya bahari, na tone moja hubeba bakteria maelfu. Ndiyo maana watafiti hutia kemikali ya alama katika maji hayo, kisha huchukua tope la katikati tu, ambako alama haikufika. Ni kazi ya kuchosha, lakini naiheshimu kuliko rekodi zote za kina, kwa sababu bila hiyo hakuna rekodi ya kuaminika.

Mpaka ukazidi kushuka. Mwaka 2012 meli ya Japani iitwayo Chikyu ilichimba karibu na rasi ya Shimokita hadi mita 2,466, na vijidudu wakapatikana hata kwenye matabaka ya makaa ya mawe. Mwaka huohuo, Jens Kallmeyer na wenzake walipunguza sana makadirio ya idadi yao duniani: mashimo mengi ya awali yalikuwa karibu na pwani, kwenye chakula tele.

Katikati ya Pasifiki ya Kusini ni njaa tupu. Mita moja ya mashapo huchukua zaidi ya miaka milioni kujikusanya. Tope lililotolewa huko mwaka 2010 lilikuwa na umri wa hadi miaka milioni 101.5. Yuki Morono, wa taasisi ya JAMSTEC ya Japani, na wenzake waliwalisha vijidudu wa humo kaboni na nitrojeni zenye alama, ili waone nani atakula. Matokeo yalitoka mwaka 2020: karibu wote walikula, wakaanza kugawanyika. Tena wengi wao si wa jamii inayojifungia ndani ya ganda gumu hadi shida ipite. Ni bakteria wanaotumia oksijeni, ambayo huko hupenya mashapo yote hadi kwenye mwamba.