Kisu cha Rambo na Kisu cha Mora

Filamu ya kwanza ya Rambo ilitoka Marekani mwaka 1982, na ya pili ikafuata mwaka 1985. Mikanda yake ya video ilizagaa katika vibanda vya maonyesho mijini kwetu, na hata mifuko ya plastiki ya sokoni ikaitwa rambo, mpaka Serikali ya Tanzania ilipoipiga marufuku mwaka 2019. Lakini mbali na misuli ya mwigizaji, kilichowaroga vijana wa nchi nyingi ni kile kisu chake.

Kilikuwa kisu kirefu na kipana, chenye meno ya msumeno mgongoni. Mpini wake ulikuwa mtupu ndani kama bomba, na humo mlikaa njiti za kiberiti, sindano na uzi wa kuvulia samaki. Kifuniko cha mpini kilikuwa na dira. Kisu chenyewe cha filamu kilitengenezwa kwa mkono na fundi Jimmy Lile wa jimbo la Arkansas, wala hakikuwa kitu duni. Balaa lililetwa na waigaji. Viwanda vilimwaga sokoni visu vya sura ileile kwa bei ya chini, na walionunua wakaja kugundua wakiwa porini kwamba kisu kimekatika pale bapa linapokutana na mpini.

Sababu yake si ya ajabu. Kisu cha kazi kina msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini na kulishikilia bapa. Mpini ukifanywa sanduku la kuwekea sindano, msuka unakosa mahali pa kukaa. Bapa hubaki limeshikwa kwa kipande kifupi tu, na ukilikandamiza kwa nguvu linang'oka. Mnunuzi amelipia dira, msumeno, kiberiti na uzi, na fedha iliyobaki kwa ajili ya kisu ni kidogo sana.

Sasa twende Uswidi, katika wilaya ya Mora, kando ya ziwa Siljan. Ardhi ya huko haikuwa na ukarimu kwa mkulima, na majira ya baridi ni marefu. Watu wa Mora walijifunza mapema kuishi kwa kazi za mikono, na visu vimetengenezwa sehemu hizo tangu karne ya 17. Kijiji kilichovuma zaidi kwa kazi hiyo ni Östnor. Wanakijiji walifua visu ili wapate fedha ya kununulia kile ambacho shamba halikutoa. Naliweka hili mbele kwa sababu visu vile havikukusudiwa kupamba kuta za mabwana. Mnunuzi wake alikuwa mkulima, seremala, mvuvi au mkata magogo, mtu asiye na senti ya kuchezea.

Mwaka 1891 Erik Erson, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani, alifungua kiwanda Östnor. Nia yake hasa ilikuwa kutengeneza sileji, yaani vile vyombo visivyo na magurudumu vinavyokokotwa juu ya theluji, vya kutolea magogo msituni. Visu vilikuwa nyongeza tu. Baada ya muda nyongeza ikaimeza biashara yenyewe, na kiwanda kikajulikana kwa jina la Frosts. Mwaka 1912 Krång Johan Eriksson akashiriki kuanzisha kingine katika kijiji hichohicho.

Wahunzi wa Mora walikuwa na ujanja mmoja ambao mimi nauheshimu sana. Pua ngumu ilikuwa ghali na chuma laini kilikuwa rahisi. Basi waliibana pua nyembamba katikati, chuma laini kikakaa ubavu huu na huu, mfano wa mkate uliotiwa siagi. Pua inatokeza kwenye makali peke yake, mahali inapohitajiwa. Ule ulaini wa pembeni unalizuia bapa lisivunjike kwa urahisi, na kinoo nacho hakipati tabu kuupunguza. Ujanja huo uliokoa gharama na papo hapo ukakiboresha kisu, jambo ambalo katika biashara ni nadra kama nini!

Halafu kuna unoaji. Kisu cha Mora kina mteremko mmoja mpana kila upande, unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Ukiulaza mteremko huo juu ya kinoo, pembe inajiweka yenyewe. Kijana wa siku ya kwanza kazini anaweza kukinoa. Bapa lenyewe ni kama sentimita 10, jembamba, na mpini ni wa mti wa bechi uliopakwa rangi nyekundu, usio na pambo lolote.

Watu husema chombo chembamba hivyo hakifai porini kwa kuwa hakipasui magogo. Ni kweli, hakipasui. Lakini mkata magogo wa Uswidi alikuwa na shoka, tena alikuwa na msumeno. Kisu aliachiwa kazi za kisu: kuchonga, kukata kamba, kupasua samaki, kukata mkate. Ndiyo maana kiliweza kuuzwa kwa bei ndogo bila kumdhulumu mtu. Hata leo kisu cha kawaida cha Mora hupatikana Marekani kwa dola zisizofika 25, na sisi tuliozoea kusema kwamba rahisi ni ghali hapo hatuna la kusema.

Kwa hiyo unayetaka kisu cha safari au cha shamba, ukisimama mbele ya meza ya mchuuzi, achana na dira. Uliza msuka unafika wapi ndani ya mpini. Kishike kwa nguvu uone kama kinateleza mkononi. Tazama kama ala inakibana, maana kisu kinachochomoka chenyewe kitakukata wewe kabla ya kitu kingine.

Viwanda viwili vya Östnor viliungana mwaka 2005, na tangu 2016 jina lake ni Morakniv. Mipini mingi sasa ni ya plastiki na mpira, na mabapa mengi ni ya pua isiyoshika kutu kirahisi. Wapenzi wa mambo ya kale wananung'unika, nao wana haki yao, kwani pua ya zamani inanoleka vizuri zaidi. Lakini kwa anayekaa karibu na maji ya chumvi, mimi ningemshauri achukue hiyo mpya. Ile ya zamani inataka kufutwa na kupakwa mafuta kila baada ya kazi, na hewa ya pwani haimsubiri mvivu.