Dawa za Malale na Wale Waliojaribiwa

Leo twapenda kueleza jinsi dawa za malale zilivyojaribiwa, na jinsi watu wengine walivyoumia ili wengine wapone.

Malale huletwa na mbung'o. Amuumapo mtu, humtia vijidudu katika damu. Mwanzo ni homa na kuumwa na kichwa. Baadaye vijidudu huingia ubongoni, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku, akili zikampotea, na asipotibiwa hufa.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Robert Koch, alifika visiwa vya Sese, Uganda, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiua watu kwa maelfu. Akawapiga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu upesi, na sifa za dawa zikaenea. Lakini haikuwatibu wale ambao ubongo wao ulikwisha ingiliwa, na maradhi yakawarudia. Koch alipoongeza kipimo, baadhi yao wakapofuka, wasione tena. Hapo twajifunza kuwa kupata nafuu si kupona.

Mwaka 1920 Bibi Louise Pearce, daktari wa Marekani, alikwenda Leopoldville, Kongo, na dawa mpya iitwayo triparsamidi. Hakutazama sura ya mgonjwa tu, bali alipima damu na maji ya uti wa mgongo. Dawa hiyo ilifika ubongoni, ikaokoa wengi, ingawa nayo iliweza kudhuru macho. Ikafuata melarsoproli mwaka 1949, nayo iliua kama wagonjwa 5 katika kila 100 walioitumia.

Ndipo kuanzia mwaka 2012 vidonge vya feksinidazoli vilipojaribiwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa wagonjwa 394 waliokuwa katika hali ya mwisho. Waligawanywa kama kwa kura: theluthi mbili wakapewa vidonge, theluthi moja matibabu ya sindano yaliyokwisha julikana. Wakaangaliwa miezi 18. Waliofanikiwa kwa vidonge walikuwa 91 katika kila 100; kwa sindano, 98. Vidonge vilipitwa kidogo, walakini humezwa kwa siku 10 tu, hata mahali pasipo na hospitali kubwa. Vikakubaliwa Kongo mwaka 2018.

Basi, tukiambiwa kuwa dawa mpya imemwinua mgonjwa kwa juma moja, na tuulize: baada ya mwaka je? Vipofu wa Sese walilipa macho yao ili sisi tujue kuuliza swali hilo.