Nyaya Mbili na Mpini Mmoja

Mwaka 1955 mahakama ya shirikisho nchini Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ambayo mpita njia angeiona ya kitoto. Swali lilikuwa hili: nani alitangulia kurusha ndege ndogo ya injini iliyofungwa nyaya, huku akiiamuru ipande au ishuke kwa mkono wake? Upande mmoja alikuwapo Jim Walker wa Portland, jimbo la Oregon, aliyeshika hataza ya ubunifu huo tangu 1942. Upande wa pili alikuwapo Leroy Cox wa California, mwenye kiwanda cha injini ndogo na vifaa vya kuchezea. Shahidi aliyeigeuza kesi hakuwa na kiwanda wala hataza. Jina lake Oba St. Clair, naye alikuwa mtu wa Oregon vilevile.

St. Clair alikuwa ameirusha ndege yake, aliyoiita Miss Shirley, mwaka 1937, miaka mitano kabla ya Walker kupewa hataza. Mahakama ilimsadiki. Hataza ikabatilishwa, na tangu siku hiyo kila mwenye kiwanda akawa huru kutengeneza ndege za waya bila kumlipa mtu mrabaha.

Haki ilitendeka, lakini isingekuwa haki pia kumfuta Walker. Kampuni yake, American Junior, ndiyo iliyoufikisha mchezo huu mikononi mwa watu. Mwaka 1940 aliingiza sokoni ndege iitwayo Fireball, na jina alilolisajili, U-Control, likazoeleka hata kwa wale ambao hawakununua chochote kwake. Zaidi ya yote alikuwa mwanamaonyesho. Alisimama mbele ya umati akarusha ndege tatu kwa pamoja: moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto, na ya tatu ikiongozwa kwa kofia aliyovaa kichwani. Watu waliotazama hayo walirudi nyumbani wakitafuta gundi na wembe. Huko Schulenburg, Texas, Victor Stanzel naye alikuwa akiuza ndege yake, Tiger Shark, kwa mfumo tofauti kidogo, kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa limeiva katika vichwa vingi kwa wakati mmoja.

Wazo hilo ni rahisi kueleza. Mrushaji husimama katikati ya duara akiwa ameshika mpini. Kutoka kwenye mpini hutoka nyaya mbili nyembamba za chuma, zenye urefu wa mita 18 hadi 21 hivi kwa ndege za mashindano, zikaingia kwenye ncha ya bawa la kushoto. Ndani ya bawa nyaya hizo zimefungwa kwenye kipande cha pembe tatu kinachozunguka juu ya msumari wake. Mrushaji akiinua kiganja juu, waya mmoja huvutwa na mwingine hulegea, kipande kile hugeuka, nacho husukuma kijiti kinachoinua kibawa cha mkiani. Ndege hupanda. Akiinamisha kiganja chini, hushuka. Hakuna usukani wa kushoto na kulia, kwa kuwa ndege haina pengine pa kwenda ila kuzunguka.

Aliyewahi kurusha tiara anaijua nusu ya raha ya mchezo huu: uzi unaozungumza na vidole. Nusu ya pili ni injini. Ndege ya kilo moja na nusu inayokwenda kilomita 90 kwa saa huvuta mkono kwa nguvu, na uvutano huo ndio uhai wa mrushaji. Nyaya zikilegea, amri haifiki, na ndege huanguka. Ndiyo maana wajenzi huweka risasi kidogo kwenye ncha ya bawa la nje, huipinda injini nyuzi chache kuelekea nje ya duara, na hupeleka nyuma kidogo sehemu nyaya zinapotokea bawani. Yote hayo ni kuhakikisha ndege inataka kukimbia na waya unabaki umekazwa, hata inapopita juu kabisa ya utosi wa mrushaji.

Mwanzoni, kuzunguka tu kulitosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yalibadilika. Mwaka 1947 Ray Arden alileta plagi ya waya unaowaka mwekundu kwa joto, inayobaki na moto wake yenyewe baada ya injini kuwaka, na kwa hiyo betri na koili nzito zikaondoka ndani ya ndege. Muda si mrefu Duke Fox akatoa injini yake ya inchi za ujazo 0.35, karibu sentimita za ujazo 6, ambayo warushaji waliipenda kwa tabia moja: ndege ikienda mlalo injini hunguruma polepole, ikielekezwa juu hubadili sauti na kuongeza nguvu yenyewe, kisha hutulia tena. Mrushaji hafanyi lolote. Injini hiyo ilibaki ikitengenezwa kwa miongo mingi.

Kwa uzito kupungua na nguvu kuongezeka, watu walianza kuchora angani. Bob Palmer wa California ndiye anayetajwa zaidi kwa kuzoesha vibawa vya nyuma ya bawa vilivyounganishwa na kibawa cha mkiani: kimoja kikiinuka, vingine hushuka, na bawa hupata nguvu ya ziada ya kuibeba ndege inapokata kona. George Aldrich wa Texas akaichukua njia hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatoa Nobler. Bawa lake lilikuwa nene, pua yake fupi, mkia wake mpana. Wapo wanaosema kuwa kila ndege ya sarakasi iliyofuata ni mjukuu wa Nobler, nami sioni chumvi katika kauli hiyo.

Sarakasi zenyewe zina utaratibu mkali. Mrushaji hupaa, huzunguka mlalo kwa kimo cha mita moja na nusu, kisha huanza: mizunguko ya wima mitatu, kuruka kichwa chini, mizunguko ya upande wa nje, miraba, pembetatu, nane za kulala, nane za kusimama, jani la pembe nne. Umbo linaloogopwa kuliko yote ni lile la kiuno chembamba, mithili ya chombo cha mchanga cha kupimia muda, kwa kuwa kona zake mbili za juu hukatwa karibu na utosi, mahali ambapo nyaya hulegea kwa urahisi. Waamuzi hukaa nje ya duara na kalamu zao. Wanatazama kama mistari imenyooka, kama kona ni kali, kama umbo la pili limekaa palepale lilipokaa la kwanza. Kwa kanuni za kimataifa kazi yote hiyo iishe ndani ya dakika saba, kutua kukiwemo. Kabla ya kuruka, nyaya hujaribiwa kwa kuvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa ndege mara kumi, na mkono wa mrushaji hufungwa ugwe wa usalama unaoungana na mpini.

Dakika hizo saba hutanguliwa na miezi mezani. Mjenzi hununua mbao za balsa, mti unaotoka hasa Ecuador, na kuzipima moja moja kwenye mizani. Ubao mwepesi na laini huenda kwenye ncha za mabawa, mgumu huenda kwenye uti. Mbavu za bawa hukatwa kwa wembe, husuguliwa kwa msasa, hupangwa juu ya meza iliyonyooka kabisa, kwa maana bawa lililopinda milimita chache litamsumbua mrushaji maisha yake yote. Kisha huja karatasi au hariri, vanishi, msasa, vanishi tena. Katika mashindano ya Marekani uzuri wa ndege hupewa alama zake, na kwa miaka mingi kanuni ilidai kuwa anayerusha awe ndiye aliyejenga. Kanuni hiyo ilizua ugomvi mwingi. Binafsi naiona kuwa ndiyo roho ya mchezo huu, kwa sababu imelea kizazi cha watu wanaojua kwa nini ndege yao inaruka.

Kuanzia 1960, mashindano ya dunia ya kwanza yalipofanyika Budapest, sanaa hii haikuwa tena ya Wamarekani peke yao. Josef Gabris wa Czechoslovakia aling'ara katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 Wachina walifika na kutwaa ubingwa.

Wakati huohuo umati ulianza kupungua. Cox alikuwa ameuza ndege za plastiki zilizo tayari kuruka, ikiwemo PT-19 ambayo mabawa yake yalishikwa kwa mipira ili ikianguka ifumuke bila kuvunjika, na watoto wengi walianzia hapo. Lakini redio za kuongozea ndege zilishuka bei, na majirani walichoshwa na kelele. Viwanja vikafungwa. Mota za umeme zisizo na brashi na betri za lithiamu zimeurudishia mchezo baadhi ya viwanja hivyo, kwa vile zinavuma tu badala ya kupiga kelele, na kifaa kidogo ndani ya ndege huiga ile tabia ya injini ya Fox.

Bill Werwage wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1970, akaurudia 1972. Mwaka 2004, huko Muncie, Indiana, aliutwaa tena, miaka 32 baadaye, dhidi ya watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa aliposhinda mara ya kwanza. Ramani ya Nobler ya Aldrich bado inauzwa hadi leo, na mtu mwenye meza iliyonyooka, wembe na subira anaweza kuijenga.