Rada za angani zilivyofichua mwendo wa ardhi ya Bonde la Ufa

Kati ya mwaka 2004 na 2006, Mlima Longonot, volkano iliyo jirani na Ziwa Naivasha nchini Kenya, uliinuka kwa takriban sentimita 9. Mtu aliyesimama kwenye ukingo wa kreta yake asingetambua lolote. Paka, volkano iliyo kaskazini zaidi, ilivimba kwa sentimita 21 hivi kati ya 2006 na 2007. Kabla ya hapo, volkano za Suswa na Menengai zilikuwa zimenywea kidogo. Habari hizi zilijulikana mwaka 2009, Juliet Biggs na watafiti wenzake walipochapisha matokeo ya kulinganisha picha za rada zilizopigwa tangu 1997 na setilaiti za Ulaya.

Nyingi za picha hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwa miaka kabla ya mtu kuziweka pamoja na kuuliza kama ardhi ilikuwa imesogea. Hapo ndipo ninapoona uzito wa historia hii. Rada ya angani hupima tofauti kati ya siku mbili, na siku iliyopita bila kupigwa picha haiwezi kurudiwa.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Rada hutuma wimbi na kupokea mwangwi wake, usiku au mchana, mawingu yawepo au yasiwepo. Setilaiti ikipita tena juu ya mahali palepale baada ya wiki kadhaa, mwangwi mpya hulinganishwa na ule wa zamani. Setilaiti za Ulaya zilitumia wimbi lenye urefu wa sentimita 5.6. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, ardhi ikiisogelea setilaiti kwa milimita 28 tu, mwangwi hutofautiana na ule wa kwanza kwa mzunguko mmoja mzima. Kila mzunguko huchorwa kuwa utepe mmoja wa rangi, na palipo na mwendo mkubwa picha hufanana na mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Anayehesabu tepe hizo anahesabu mwendo wa ardhi.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1951 mhandisi Mmarekani Carl Wiley alibuni namna ya kuifanya antena ndogo inayosafiri ione kwa makini kama antena kubwa. Juni 1978 Marekani ikarusha Seasat, setilaiti yenye rada ya aina hiyo, iliyokusudiwa kuchunguza bahari. Hitilafu ya umeme iliizima Oktoba mwaka huohuo. Hata hivyo picha zake zilitunzwa, na mwaka 1989 Gabriel, Goldstein na Zebker walizitumia kuonyesha jambo la ajabu: mashamba ya Imperial Valley, California, yalivimba baada ya kumwagiliwa, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ulikuwa umenywa maji.

Kilichowashawishi wengi ni tetemeko la Landers, California, la tarehe 28 Juni 1992, lenye ukubwa wa 7.3. Setilaiti ya ERS-1 ya Ulaya ilikuwa imerushwa Julai 1991, kwa hiyo picha za kabla ya tetemeko zilikuwepo. Julai 1993 Didier Massonnet na wenzake wa Ufaransa walichapisha ramani ya jinsi ardhi ilivyosogea pande zote za mpasuko, bila kutegemea vyombo vilivyosimikwa chini.

Afrika Mashariki ilipata zamu yake Julai 2007. Matetemeko yalianza karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, na yakasikika hadi Nairobi, ambako watu walitoka nje ya majengo. Picha za rada zilionyesha kuwa magma ilikuwa imejipenyeza katika ufa chini ya ardhi bila kufika juu. Septemba, volkano ya Oldoinyo Lengai iliyo jirani ikaanza kulipuka kwa kishindo na kumwaga majivu.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ndio ulioonyesha nguvu na mipaka ya chombo hiki kwa pamoja. Volkano ya Nyiragongo iliyo jirani ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na rada haikuwa imeona ardhi ikivimba kabla. Dalili za mitetemo zilikuja dakika 40 hivi tu kabla ya mlipuko. Lakini katika siku zilizofuata, picha zilionyesha ufa wenye magma ukipita chini ya mji kuelekea chini ya Ziwa Kivu, ambalo lina gesi nyingi ya kaboni dioksidi na methani. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kadhaa ihamwe. Magma haikutoka tena, na watu wa Goma walirudi kwao. Wanaosema amri ile ilikuwa ya bure hawanishawishi: aliyeona ramani ile angeamuru hivyohivyo.

Baadhi ya picha zile zilitoka kwa setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014. Picha za setilaiti hizo hutolewa bure, na mwanafunzi wa Goma au Dodoma mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua. Lakini Sentinel-1B iliharibika Desemba 2021, na mbadala wake ukarushwa Desemba 2024. Kwa miaka mitatu sehemu nyingi zilipigwa picha kwa nadra zaidi. Julai 2025 India na Marekani zilirusha NISAR, yenye wimbi la sentimita 24 linalopenya majani. Kwa misitu ya Virunga, eneo la volkano karibu na Goma, ambako majani yanayotikisika huvuruga wimbi fupi, hilo ni jambo kubwa.