Kusoma Picha za Sinema

Katika miaka ya utawala wa Waingereza, baadhi ya wakubwa wa kazi ya sinema walinena na kuandika kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufahamu picha zilizokatwa na kuungwa kwa ufundi. Walisema akili yake haiwezi kuufuata mruko wa kutoka picha moja mpaka nyingine. Neno hilo lilikuwa zito, kwa maana halikubaki katika mazungumzo tu, bali lilifanywa kanuni ya kazi. Je, lilikuwa kweli? Na tuiulize historia ya sinema yenyewe, nayo itatujibu.

Kwanza ifahamike ya kuwa katika utepe wa filamu hapana picha hata moja iendayo. Zote zimesimama kimya, moja baada ya moja, na kila moja yapishana kidogo na mwenziwe. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Mashine yao ilipitisha picha kama 16 kwa sekunde moja, na jicho likaziona kuwa kitu kimoja kinachokwenda. Walionyesha wafanyakazi wakitoka kiwandani, na mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake. Kila filamu ilidumu kama sekunde 50. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Kamera ilisimama mahali pamoja ikatazama, basi.

Lakini mizungu ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka ule ule wa 1895, huko Marekani, kampuni ya Thomas Edison ilitengeneza picha ya kuuawa kwa Mary, malkia wa Scotland, aliyekatwa kichwa mwaka 1587. Mchezaji alipopiga magoti na kulaza kichwa juu ya gogo, kamera ilisimamishwa. Wenziwe wakakaa vile vile bila kujitikisa, yeye akaondoka, na sanamu ikawekwa mahali pake. Kisha kamera ikaendeshwa tena, na shoka likashuka. Mtazamaji hakukiona kile kituo cha katikati. Aliona kichwa kikianguka.

Mtu aliyeukuza sana ufundi huo ni Georges Méliès, mfanya kiinimacho mwenye jumba la michezo mjini Paris. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja, alipokuwa akipiga picha barabarani, kamera ilikwama kidogo kisha ikaendelea. Naye alipoitazama filamu, akaona gari la abiria limegeuka ghafula kuwa gari la kuchukulia maiti. Mwaka 1896 alimtowesha mwanamke kitini kwa njia hiyo ya kusimamisha kamera. Mwaka 1901 akaonyesha kichwa chake mwenyewe kikifura kama mpira mpaka kikapasuka. Siri yake ilikuwa hii: alijifunika kwa nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi, kichwa tu kikaonekana, kisha akasogezwa polepole kuielekea kamera, na picha hiyo ikatiwa juu ya utepe uliokwisha pigwa picha nyingine.

Hiyo ndiyo mizungu. Ufundi wa kuunga ulichelewa zaidi, na hapa ndipo penye jibu letu. Mwaka 1903, Edwin Porter wa Marekani alitengeneza filamu ya maisha ya wazima moto. Ndani ya chumba kinachoungua twamwona mzima moto akiingia, akimtoa mwanamke dirishani, kisha akirudi kumchukua mtoto. Jambo hilo likiisha, lote laonyeshwa tena tangu mwanzo, safari hii kutoka barabarani. Mama yule yule aokolewa mara mbili! Leo fundi angezikata picha hizo mbili na kuzichanganya: dirisha kwa ndani, ngazi kwa nje, kisha ndani tena. Mwaka 1903 njia hiyo ilikuwa haijawa desturi. Basi twaona ya kuwa hata watengenezaji wenyewe, katika nchi ya viwanda na taa za umeme, walijifunza kwa hatua, kama mtoto aanzaye kwa a, e, i, kabla ya kuunga silabi.

Tena Waingereza hawakuanza kuwacheka watu wa Afrika. Mwaka 1901, Robert Paul wa London alitoa filamu ya mchekesho juu ya mtu wa shamba, Mwingereza mwenziwe, anayeona sinema kwa mara ya kwanza. Mtu huyo aona gari la moshi likija katika kitambaa, naye atimua mbio. Watu wa mjini waliangua kicheko, na huenda wengi wao hawakuwa na miaka mitano tangu walipoiona sinema wao wenyewe.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mwalimu mmoja wa sinema mjini Moscow, Lev Kuleshov, alifanya jaribio lililopata sifa kubwa. Alichukua picha ya uso wa mchezaji, uso uliotulia usioonyesha furaha wala huzuni. Mwanafunzi wake Pudovkin aliandika kwamba uso huo uliungwa na bakuli la supu, kisha uso ule ule ukaungwa na maiti ya mwanamke jenezani, kisha na mtoto anayecheza. Watazamaji wakamsifu mchezaji: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyomlilia marehemu, jinsi alivyomfurahia mtoto! Kumbe uso ulikuwa mmoja. Maana haikuwa ndani ya picha, bali katika mshono baina ya picha na picha. Na waliodanganyika hapo walikuwa watu wa mji mkubwa.

Sasa turudi kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya kujaribu sinema za mafundisho katika Afrika ya Mashariki, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Aliyeianzisha ni J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zao zilifundisha mambo ya ukulima, afya na kuweka akiba. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria. Huyu ndiye aliyeweka kanuni: filamu za Waafrika ziende polepole, kila tendo lionyeshwe kwa utaratibu, na mizungu ya kamera iachwe.

Ikasimuliwa hadithi kuwa ushahidi: watu walionyeshwa mbu mkubwa kama tembo katika kitambaa, wakasema, "Mbu wa kwetu si wakubwa hivi, sisi hatuna hatari." Wasimulizi walicheka. Lakini sisi tulio walimu twasema: mtu huyo alikosa nini? Aliitazama picha kwa makini, akailinganisha na mambo anayoyajua, akahukumu kwa akili. Alichokosa ni jambo moja tu, kuambiwa ya kuwa kamera hukuza. Neno moja la mwalimu lingetosha. Mtoto asiyefundishwa herufi hawezi kusoma, lakini hakuna amwitaye mpumbavu kabla ya kumfundisha. Kosa la kanuni ile lilikuwa kutaja upungufu wa mafunzo kuwa upungufu wa akili.

Wala wenye kujua hawakosi kutegwa. Mwaka 1902, Mfalme Edward wa Saba alipokaribia kutawazwa, Méliès alipiga picha ya sherehe hiyo karibu na Paris, kwa wachezaji na mapazia yaliyochorwa, kabla haijafanyika. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti, na filamu ilikuwa tayari ikingoja! Ikaonyeshwa London kwa watu waliosoma.

Siku hizi mkasi umeachwa, na kompyuta hukata, huunga na kuumba hata nyuso za watu wasiokuwapo. Picha hizo zaingia nyumbani mwetu kwa televisheni na simu. Basi, wasomaji wapenzi, tuwafundishe watoto maswali matatu mbele ya kila picha: Kamera ilisimama wapi? Kimekatwa nini? Kwa nini hii imeungwa na ile? Wahenga walisema, mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Babu zetu hawakunyimwa akili na Mungu. Walinyimwa somo na watu. Somo hilo sasa tunalo mikononi, tusiwanyime watoto wetu.