Waliompasua Mchango

Mchango, mnyoo mrefu wa mviringo anayeishi utumboni mwa binadamu, kwa muda mrefu alichukuliwa kuwa ndugu wa nyungunyungu. Mwaka 1683 daktari Edward Tyson wa London alieleza alichokiona baada ya kumpasua: ni kiumbe mwingine kabisa, na dume na jike ni miili miwili tofauti. Hata hivyo, mwanasayansi Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758, jina lenyewe bado lilimfananisha na nyungunyungu. Makosa ya zamani hayafi upesi.

Wapasuaji waliofuata walikuta gamba gumu lisilo na seli, na chini yake misuli inayokwenda kwa urefu tu. Ndiyo maana mchango hujipinda huku na huku, lakini hawezi kujivuta na kujifupisha kama nyungunyungu afanyavyo. Uwazi wa mwili umejaa majimaji yenye shinikizo, nayo hufanya kazi ya mifupa. Hana moyo wala mapafu. Sehemu kubwa ya tumbo la jike ni mirija ya uzazi, na hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku.

Safari ya mchango mwilini mwa binadamu ilithibitishwa mwaka 1922, pale daktari Mjapani Shimesu Koino alipomeza mayai 2,000, kisha akakuta lava, yaani minyoo michanga, katika makohozi yake mwenyewe: walikuwa wamepitia mapafuni.